KKK Afrika Mashariki: Kwa Nini Nchi Zinapishana, na Njia Ipi Ichaguliwe kwa Madarasa ya Chini

Halmashauri, kamati ya shule au taasisi yenye fedha kidogo inapotaka kuinua stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) katika madarasa ya mwanzo, kwa kawaida huletewa mapendekezo ya aina nne. Wa kwanza atasema nunueni vitabu au ongezeni ruzuku ya shule; wa pili atasema wapeni walimu bahasha kwa kila mtoto anayejua kusoma; wa tatu ataleta mpango wa masomo yaliyoandaliwa hatua kwa hatua, wenye kiongozi cha mwalimu na mtu wa kumfuatilia; wa nne atashauri watoto wapangwe kwa kile wanachokijua badala ya darasa walilomo. Kila mmoja huja na mfano wa nchi iliyofanikiwa, na mifano hiyo ndiyo inayopotosha, kwa sababu njia iliyozaa matunda mahali fulani ilitegemea mambo ambayo huenda mahali pengine hayapo. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na swali la kwa nini Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi zinapishana katika stadi hizi, ndipo uziweke njia hizo nne ubavu kwa ubavu.

Nieleze mapema ninakoegemea. Utajiri wa nchi unaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti hizi, na wingi wa vitabu unaeleza ndogo zaidi. Sehemu kubwa inatokana na mambo matatu yanayotokea ndani ya chumba cha darasa la kwanza hadi la tatu: lugha ambayo mtoto anafundishiwa kusoma, muda halisi ambao mwalimu yuko mbele ya watoto akifundisha, na kama somo linaanzia pale mtoto alipo au pale mtaala unapodai awe. Anayechagua njia bila kujua ni lipi kati ya hayo matatu linamsumbua kwake atanunua kitu kizuri kisichomfaa.

Takwimu na mitego yake

SACMEQ, muungano wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika, imekuwa ikiwapima wanafunzi wa darasa la sita kwa mizani moja, ambapo 500 ni wastani uliowekwa kwa matokeo ya nchi zote za mwaka 2000. Matokeo ya nchi tatu za Afrika Mashariki katika awamu mbili yalikuwa haya:

| Nchi | Kusoma 2000 | Kusoma 2007 | Hisabati 2000 | Hisabati 2007 |
|---|---|---|---|---|
| Kenya | 547 | 543 | 563 | 557 |
| Tanzania Bara | 546 | 578 | 522 | 553 |
| Uganda | 482 | 479 | 506 | 482 |

Mtu akitazama haraka atasema kwamba kufikia 2007 Tanzania ilikuwa imeipita Kenya katika kusoma na kuikaribia sana katika hisabati, huku Uganda ikirudi nyuma. Namba hazikosei, ila karatasi hazikuwa za lugha moja: mtoto wa Tanzania Bara alipewa jaribio la Kiswahili, lugha aliyofundishiwa tangu darasa la kwanza, na wenzake wa Kenya na Uganda walipewa la Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya pili au ya tatu. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba katika awamu hiyo ya 2007 wanafunzi wa Tanzania waliokuwa na kitabu cha kusoma cha peke yao hawakufika hata 5 kati ya 100. Watoto waliokuwa wakigombea kitabu kimoja dawati zima waliwapita wenzao waliokuwa na vitabu zaidi. Kama vitabu ndivyo vingekuwa nguzo kuu, safu ile ya kusoma isingeonekana hivyo.

Uwezo, mpango wa upimaji ulioanza 2009 katika nchi hizi tatu kwa kufuata mfano wa ASER ya India, ulichukua njia tofauti. Wapimaji walikwenda nyumbani, wakampa kila mtoto jaribio la kiwango cha darasa la pili bila kujali yuko darasa gani au hata kama hasomi kabisa. Karatasi yenyewe ni nyepesi: upande mmoja herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi, na mtoto anaishia pale anaposhindwa. Humo Kenya ilitangulia, Tanzania ikafuata, Uganda ikawa ya tatu. Katika miaka ya mwanzo ya upimaji, watoto wa darasa la tatu waliomudu hadithi ya darasa la pili walikuwa takriban 3 kati ya 10 nchini Kenya na takriban 1 kati ya 10 nchini Uganda. Hapo tena lugha inaingilia, kwa kuwa mtoto wa Uganda alisomeshwa hadithi ya Kiingereza akiwa P3 (darasa la tatu la msingi), mwaka ambao mtaala wa nchi yake ulikuwa bado unamfundisha kusoma kwa lugha ya nyumbani. Kumhukumu kwa kipimo hicho ni kumpima kwa kitu ambacho hakijafundishwa.

Kuna mtego wa tatu, nao unawanasa hata wataalamu. Vipimo vingi vya kusoma huhesabu maneno sahihi kwa dakika. Kenya iliweka kiwango cha msomaji fasaha wa darasa la pili kuwa maneno 65 kwa Kiingereza lakini 45 kwa Kiswahili, na ilifanya sawa, kwani mtoto anayesoma neno kama «hawakutuambia» amebeba kwa pumzi moja mzigo ambao Mwingereza anaugawa katika maneno manne au matano. Tanzania ilichagua maneno 50 kwa Kiswahili, na upimaji wa mwishoni mwa 2013 ulikuta watoto wa darasa la pili wakisoma wastani wa takriban maneno 18. Ukiona chati inayoweka nchi zote kwenye mstari mmoja wa maneno kwa dakika bila kutaja lugha, igeuze ukurasa.

Pengo lililo ndani ya nchi moja, kwa mfano kati ya Nairobi na Turkana, au kati ya Kampala na Karamoja, ni kubwa kuliko pengo la wastani wa nchi na nchi. Anayechagua njia kwa ajili ya wilaya moja asiishie kwenye wastani wa taifa.

Lugha ya kwanza ya kusomea

Hapa ndipo tofauti zilipo nzito, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Tanzania ilifanya uamuzi wake 1967, wakati wa Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule za msingi zifundishe kwa Kiswahili. Uamuzi huo una gharama zake kidato cha kwanza, Kiingereza kinapoingia ghafla, lakini kwa darasa la kwanza una faida ambayo majirani hawana: mwalimu anayehamishwa kutoka Kagera kwenda Lindi anaweza kufundisha kusoma siku ya kwanza, kitabu kimoja kinatumika nchi nzima, na mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kumsaidia mtoto jioni. Maandishi ya Kiswahili nayo ni rafiki kwa anayeanza. Herufi ina sauti ileile karibu kila mahali, silabi nyingi ni konsonanti na irabu, na mtoto aliyezimudu «ba be bi bo bu» na kuelewa jinsi sauti zinavyounganishwa anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Mtoto anayeanzia Kiingereza hawezi, kwa sababu sauti na herufi za lugha hiyo haziendani kwa utaratibu huo, na kwa kuwa wakati huohuo anajifunza maana ya maneno yenyewe, anajikuta anafanya kazi mbili kwa muda wa moja.

Mfano unaokata zaidi ni Burundi. Ni miongoni mwa nchi maskini kuliko zote duniani, lakini katika upimaji wa PASEC wa 2014, uliohusisha nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa, watoto wake wa darasa la pili walishika nafasi ya kwanza katika lugha na katika hisabati. Walipimwa kwa Kirundi, lugha inayozungumzwa na karibu kila mtu nchini humo na ambayo ndiyo waliyofundishiwa. Wenzao wa nchi nyingine walipimwa kwa lugha ya kigeni waliyokuwa bado wanaiparamia. Ni haki kuongeza kwamba Burundi ina desturi ya kukaririsha madarasa kwa wingi, hivyo mtoto wa darasa la pili huenda yuko hapo kwa mwaka wa pili, na hilo linainua wastani. Hata hivyo mwishoni mwa shule ya msingi, ambapo wote walipimwa kwa Kifaransa, Burundi iliendelea kuongoza katika hisabati ingawa haikuwa tena ya kwanza katika kusoma. Yaani msingi wa Kirundi haukuwakwamisha walipofika kwenye hesabu za lugha ya kigeni.

Uganda ina taabu ya kweli, na sitaki kuonekana kama ninailaumu. Tangu 2007 mtaala wake unaelekeza P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, P4 iwe mwaka wa kuvuka, kisha Kiingereza. Lakini eneo si lugha. Katika mji ambamo Waganda, Wasoga, Waacholi na Wanyankole wanakaa mtaa mmoja, lugha ya eneo ni ipi? Shule nyingi za mjini zimejibu kwa kuchukua Kiingereza tangu P1, na wazazi wanaunga mkono kwa kuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, ni wa Kiingereza. Vijijini lugha ya eneo inajulikana, lakini vitabu vya lugha hiyo huwa vichache na mwalimu mwenyewe hakufundishwa kusoma kwa hiyo lugha alipokuwa mtoto, hivyo hata tahajia yake anaibahatisha.

Kenya imesimama katikati: sera ya tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 inataka lugha ya eneo kwa madarasa matatu ya kwanza, huku Kiingereza na Kiswahili vikifundishwa kama masomo, na kwa vitendo shule nyingi zinakimbilia Kiingereza. Anayedhani jibu rahisi ni kuongeza lugha ya mama kila mahali azingatie utafiti uliofanywa katika maeneo ya Machakos na Bungoma, ndani ya PRIMR, mradi wa majaribio wa kusoma na hisabati, ambapo kundi moja la shule liliongezewa kusoma kwa Kikamba au Kibukusu. Watoto hao walisoma lugha zao vizuri zaidi, lakini hawakupata nyongeza katika Kiingereza wala Kiswahili walipolinganishwa na wenzao wa mpango bila lugha ya mama, na katika hisabati walibaki nyuma kidogo. Maelezo ninayoyaona ya maana ni ya saa: lugha tatu za kusoma zikigawana asubuhi moja, kila moja inapata kipande, na hesabu inaliwa pembeni. Lugha ya mama inasaidia inapochukua nafasi ya kwanza, siyo inapobanwa katikati ya nyingine mbili.

Wimbi la wanafunzi na milango iliyofungwa

Nchi hizi zilifuta ada kwa nyakati tofauti na kila moja ilipata wimbi lake. Uganda ilianza 1997, na wanafunzi wakaruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Tanzania ilifuta ada 2001, wanafunzi wakapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 8.3 mwaka 2007. Kenya ilifuata Januari 2003, kutoka milioni 5.9 hadi 7.2. Uganda ilipata mshtuko mkubwa zaidi kwa kulinganisha na walimu na madarasa iliyokuwa nayo, na kwa haki ya hesabu, wastani uliposhuka haikuwa lazima kwamba waliokuwamo walisoma vibaya zaidi. Waliongezwa watoto ambao awali wasingepimwa kabisa.

Kisha ikaja korona. Tanzania ilifunga shule za msingi kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni 2020, Kenya ilifunga Machi, ikarudisha madarasa machache Oktoba na mengine yote Januari 2021, Uganda ilifungua kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye, Burundi haikufunga. Mtoto wa Uganda aliyekuwa P1 mwaka 2020 alikosa hasa ile miaka ambayo kusoma hufundishwa, na ulinganisho wowote wa baada ya hapo usiotaja jambo hilo haujakamilika.

Mwalimu yuko shuleni, darasani hayupo

Upimaji wa huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao wakaguzi walifika shuleni bila taarifa, ulikuta kwamba Kenya mwaka 2012 na Tanzania mwaka 2014 walimu 4 hadi 5 kati ya 10 hawakuwa darasani wakati ambao walipaswa kuwa humo. Uganda mwaka 2013 walikuwa zaidi ya nusu. Wengi wa waliokosekana Kenya na Tanzania walikuwa ndani ya uzio wa shule: ofisini, kivulini, wakisahihisha, wakihudhuria kikao, au wakiwa wamepangiwa kazi nyingine na mwalimu mkuu. Katika nchi 7 za Afrika zilizopimwa kwa namna hiyo, wastani wa muda wa kufundishwa ulikuwa saa 2 na dakika 46 kwa siku badala ya saa 5 na nusu zilizoandikwa kwenye ratiba.

Ukitaka kujua hilo linavyoonekana, tazama hesabu ya kutoa ya darasa la pili. Mtoto anapewa 63 kutoa 28. Anachora vistari 63 pembeni ya daftari, anafuta 28, anahesabu vilivyobaki, na akibahatika anapata 35; akiruka kistari kimoja anapata 34 au 36. Hana wazo kwamba 6 ile ni makumi sita, wala kwamba anaweza kuvunja kumi moja kuwa mamoja. Wazo la makumi na mamoja haliingii kwa kuambiwa mara moja; linataka vifungu vya vijiti kumi kumi, vizibo vya soda, na mwalimu anayepita dawati kwa dawati akiona nani bado anahesabu moja moja. Ni kazi ya dakika nyingi kwa siku nyingi, na ndiyo ya kwanza kupotea mwalimu anapotoka darasani baada ya kuandika maswali matano ubaoni. Kusoma kwa Kiswahili mtoto mwerevu anaweza kujidokolea mwenyewe kutoka mabango na magazeti. Makumi na mamoja hayasomeki kwenye bango.

Njia nne zikiwekwa pamoja

Ruzuku na vitabu peke yake ndiyo njia rahisi kuitekeleza na dhaifu kuliko zote. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990, shule zilizopewa vitabu vya kiada hazikupandisha wastani. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza kigumu ambacho wengine wote hawakukimudu. Tanzania ilipata somo hilohilo kwa upana zaidi katika utafiti wa KiuFunza wa 2013 na 2014, uliohusisha shule 350 katika wilaya 10: shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, bila kitu kingine, hazikuonyesha mabadiliko ya maana katika kujifunza.

Motisha kwa mwalimu ilijaribiwa ndani ya utafiti huohuo wa KiuFunza. Mwalimu wa madarasa matatu ya kwanza aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo lake. Motisha peke yake ilitoa matokeo dhaifu na yasiyo na uhakika. Motisha pamoja na ruzuku ndiyo iliyoinua ujuzi kwa kiasi cha kuonekana wazi, zaidi ya jumla ya kila moja kivyake. Tafsiri yangu ni kwamba fedha za vifaa hazifanyi kitu pasipo sababu ya mwalimu kuzitumia, na sababu hiyo haifiki mbali pasipo vifaa. Njia hii inadai upimaji wa kuaminika wa kila mtoto, unaofanywa na watu wa nje, kila mwaka. Halmashauri isiyoweza kulipia upimaji huo isiianze, kwa maana mwalimu akijipimia mwenyewe, watoto wote watafaulu.

Masomo yaliyoandaliwa ndiyo njia ya Tusome ya Kenya, iliyoanza 2015 baada ya majaribio ya PRIMR na kufika zaidi ya shule 22,000. Kila mtoto alipata kitabu chake, mwalimu akapata kiongozi kinachoeleza somo la kila siku: mwalimu anasoma kwanza, kisha anasoma pamoja na darasa, kisha watoto wanasoma peke yao. Ofisa wa mtaala wa eneo naye akapewa tableti na nauli, akawa anaingia darasani, anaketi nyuma, anawasikiliza watoto watatu wakisoma na kuzungumza na mwalimu kabla ya kuondoka. Ndani ya mwaka mmoja hivi, watoto wa darasa la pili waliofikia kiwango cha wizara walipanda kutoka takriban theluthi moja hadi karibu theluthi mbili. Tusome ilikuwa ya kusoma tu. Hisabati ilishughulikiwa na mradi mwingine, PRIEDE, kwa mbinu za namna ileile. Wapo walimu wanaokilalamikia kiongozi cha aina hii kuwa kinawafanya wasomaji wa maandishi ya wengine, na malalamiko yao yana ukweli kwa mwalimu mahiri, lakini mwalimu mahiri siye anayeamua wastani wa wilaya. Udhaifu mkubwa ni fedha: USAID, shirika la misaada la Marekani, ndiyo iliyogharimia sehemu kubwa, na shirika hilo lilivunjwa 2025.

Anayetaka kuipunguza gharama njia hii asikimbilie kukata. Kaskazini mwa Uganda, eneo la Lango, mradi uliofundisha kusoma kwa Leblango ulijaribiwa kwa namna mbili. Toleo kamili, lenye mafunzo ya kutosha, ufuatiliaji wa karibu na vifaa kama vibao vya watoto vya kuandikia, lilileta mojawapo ya mafanikio makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Toleo la bei nafuu lilisaidia watoto kutambua majina ya herufi, lakini kusoma kwao kwa jumla hakukusogea sana na kuandika kulirudi nyuma kuliko hata shule zisizo na mradi. Kwa anayeandaa bajeti, hilo ni onyo zito kuliko mengine yote yaliyomo humu: nusu ya mpango haitoi nusu ya matokeo.

Njia ya nne, kupanga watoto kwa kiwango, imetokana hasa na Pratham, shirika la elimu la India, na Zambia imeichukua kwa jina la Catch Up: watoto wa darasa la tatu hadi la tano wanapimwa kwa dakika chache, wanagawanywa makundi ya herufi, maneno, aya na hadithi, na kwa takriban saa moja kila siku wanafundishwa kwa kundi lao. Kenya ilikuwa na ushahidi wake tangu 2005, pale shule 121 za magharibi zilipopata mwalimu wa ziada na kugawa darasa la kwanza mikondo miwili. Zilizogawa kwa uwezo zilifanya vizuri zaidi kuliko zilizogawa bila kuangalia uwezo, na waliowekwa katika mkondo wa chini walifaidika pia. Gharama yake ni ndogo: karatasi ya kupimia, saa moja, na walimu watatu au wanne wanaokubali kushika makundi kwa wakati mmoja. Haifai darasa la kwanza lenye mwalimu mmoja na watoto mia, na haiondoi kiini cha tatizo. Inaokoa waliokwisha kuachwa.

Kwa nani, ipi

Kwa halmashauri ya Tanzania Bara, ambayo lugha si kikwazo na vitabu vya KKK vimekuwapo tangu mtaala wa 2015, ningechagua ufuatiliaji kabla ya chochote. Afisa Elimu Kata mwenye mafuta ya pikipiki na orodha ya shule za kutembelea kila mwezi, anayewasikiliza watoto wakisoma badala ya kukagua maandalio peke yake, ndiye sehemu ya Tusome inayokosekana, na haihitaji mfadhili wa nje. Sehemu ya fedha iliyobaki iende kwenye hisabati, ambayo inasahaulika kwa sababu mtoto anayesoma kwa sauti humpendeza mgeni kuliko anayefunga vijiti kumi kumi.

Kamati ya shule au umoja wa wazazi, wasio na uwezo wa kumlipa ofisa wala kuandika kiongozi, wachague makundi ya kiwango kwa darasa la tatu na kuendelea, na wasianze kwa kununua kitabu hata kimoja mpaka wajue ni watoto wangapi bado wako kwenye herufi. Fedha zao zitoshe kwa hadithi fupi za kurasa chache, za lugha ambayo watoto wanaielewa, pamoja na chakula cha mchana kwa walimu wanaobaki.

Taasisi inayokwenda Uganda vijijini, mahali penye lugha moja inayojulikana, ichukue masomo yaliyoandaliwa kwa lugha hiyo kwa ukamilifu wake katika shule chache, badala ya toleo la kukatakata katika shule nyingi. Mjini, penye mchanganyiko wa lugha, ushahidi ni mwembamba na mimi ningeegemea makundi ya kiwango, kwa lugha ambayo shule imeshaichagua, hata kama ni Kiingereza, kwa kuwa vita ya lugha katika shule ya namna hiyo itamaliza fedha kabla mtoto hajafika kwenye aya.

Motisha ya fedha ningeiacha ya mwisho kwa wote, isipokuwa pale ambapo upimaji wa nje wa kila mtoto tayari unafanyika kwa sababu nyingine na malipo yatakuwa nyongeza tu juu yake. Na kwa mtoa ruzuku anayeuliza kama bado anaweza kununua vitabu: ndiyo, ikiwa ameshajibiwa ni nani atakayeingia darasani wiki ya tatu kuona kama vimefunguliwa, na nauli ya mtu huyo imo kwenye bajeti ileile.